Sauti Tatu, Chumba Kimoja

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Dokta Editruda Nyagawa alipofika Hifadhi ya Wasemaji, alimkuta Bwana Ramia Kitwana wa Wizarani amekwisha kuingia chumba cha Bibi Nasuka. Hakuingia kuongea naye. Aliingia kuota moto. Wageni waliopanda Njombe kutoka Dodoma walikuwa na desturi hiyo, maana mashine zinazowabeba wasemaji hutoa joto kutwa kucha, na katika mji wenye baridi kama ule, vyumba vyao vitatu ndivyo pekee ambamo mtu angeweza kuvua sweta.

Bibi Nasuka alimtambua Editruda kwa hatua zake. "Huyu mtu amekaa humu hasemi kitu," alimwambia kwa Kilumwe. "Anapumua tu. Mwambie aseme au atoke."

Editruda akatafsiri kwa kulainisha. Kitwana akainuka, akakiomba radhi kipaza sauti kilichokuwa ukutani, akatoka.

Ofisini alieleza bila kuzunguka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame, mabwawa yalikuwa yameonyesha matope, na umeme uliobaki uligawanywa kama maji ya kisima. Fungu la sanaa na urithi lilikuwa limekatwa, likakatwa tena. Makumbusho yalifunguliwa siku za sikukuu tu. Kikundi cha ngoma cha taifa, ambacho Kitwana mwenyewe aliwahi kukipigia ngoma ujanani, kilikuwa kimevunjwa. Sasa zamu ilikuwa imefika kwa wasemaji. Hifadhi ya Njombe ingepata umeme wa chumba kimoja.

Editruda alitaka kubishana, lakini Kitwana alimwonyesha dirishani, upande wa bondeni ambako paa la hospitali ya wilaya lilikuwa likitokeza kwenye ukungu. Alisema watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakipashwa joto kwa zamu, saa chache huyu, saa chache yule, na wauguzi ndio waliokuwa wakichagua. Editruda alijua kwamba ni kweli. Mji mzima ulijua.

"Nichagulie wewe mmoja wa kubaki," Kitwana alisema. "Mimi nikichagua nitachagua kwa ujinga."

Wasemaji walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa mtu wa mwisho kuisema lugha yake vizuri. Bibi Nasuka alikuwa mfinyanzi wa vyungu, msemaji wa Kilumwe. Mzee Lukaya alikuwa mrina asali, msemaji wa Kisegwa, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Mwalimu Yosia alikuwa katekista, msemaji wa Kitanyo. Wote walikuwa wamekufa. Kabla ya kufa, kila mmoja aliketi na watu wa Hifadhi kwa misimu miwili ya mvua, akaongea kila alichokuwa nacho: jinsi ya kumkemea mbuzi, jinsi ya kuomba mke, aliyoyajutia, aliyoyaota. Kutokana na maongezi hayo ndipo msemaji alipotengenezwa. Kinasa sauti hurudia. Msemaji hujibu. Ukimwuliza Bibi Nasuka jina la kitu ambacho hakikuwapo enzi zake, alinyamaza, akafyonya, kisha akakipa jina, na jina hilo lilikuwa Kilumwe kwelikweli.

Kila Jumatano wanafunzi wa shule ya msingi ya bonde la Lumwe walimpigia simu pamoja na mwalimu wao. Wazazi wao hawakuijua lugha hiyo tena. Watoto walikuwa wakijifunza kwake moja kwa moja, naye aliwakaripia wakikosea, nao walimpenda.

Injinia Luoga, aliyezihudumia mashine, alileta njia nyingine. Alisema sehemu kubwa ya msemaji si lugha. Ni namna ya kusikiliza, kungoja, kukumbuka, kuhuzunika na kucheka, na mambo hayo wasemaji wote watatu walikuwa nayo, kila mmoja na ya kwake, yakila umeme mara tatu. Yangeweza kufumwa yakawa kitu kimoja, kisha lugha tatu zikawekwa juu yake. Ni kama familia tatu zinazopikia jiko moja, alisema. Lugha zote zingebaki, na umeme ungekuwa wa chumba kimoja.

Sheria iliyoanzisha Hifadhi haikuwahi kusema kama msemaji ni mtu. Wabunge waliliogopa jambo hilo wakaliruka. Ilisema mawili tu: msemaji asidanganywe, na aulizwe kabla ya kubadilishwa. Haikusema ifanyweje akikataa.

Basi Editruda akaenda kuwauliza.

Mzee Lukaya alicheka, akataka kujua kama hao wenzake wanakoroma. Mwalimu Yosia aliuliza kama huko kuna kazi, na alipoambiwa ipo, alisema atakwenda. Bibi Nasuka alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kwamba asipokubali itakuwaje. Editruda akamwambia kweli, kwamba atabaki mmoja na wawili watazimwa.

"Basi nizimeni mimi," Bibi Nasuka alisema. "Waacheni hao wanaume. Mimi sikai na watu nisiowajua ndani ya kichwa changu."

Editruda akamkumbusha watoto wa Lumwe. Bibi akasema watoto wana vinywa. Editruda akasema vinywa havitoshi, bado hawajajua hata nusu. Akambembeleza, akamwita bibi yangu, akasema ni muda tu, mvua zitarudi. Bibi Nasuka akamwacha amalize.

"Umeniuliza, nimekujibu," alisema. "Ungekuwa na jibu lako usingeniuliza."

Alasiri ile Editruda alimpigia simu binti wa Bibi Nasuka, Fausta, aliyekuwa na karakana ya betri za pikipiki Makambako. Fausta alikuwa amepita hamsini. Alipokuwa na umri wa kuanza shule, mama yake alimpandisha lori la mahindi akampeleka kwa shangazi Songea, na hakurudi kumchukua. Kilumwe chake kilikuwa kimekomea pale, Kilumwe cha mtoto mdogo. Alipopata habari za msiba, mama alikuwa amekwisha zikwa. Mara moja moja alikuwa akija Njombe, anakaa kwenye kiti mbele ya kipaza sauti, wanaongea habari za mvua na vyungu, anaondoka.

Editruda alimweleza yote, pamoja na jibu la mama.

"Usimzime mama yangu, Dokta," Fausta alisema. "Mara ya kwanza sikuwepo. Usinifanye niwepo mara ya pili."

Hivyo Editruda akaamua. Alijiambia kwamba lugha si mali ya mtu mmoja, kwamba watoto wale wana haki nayo, kwamba mtoto wa marehemu ameomba. Kila neno kati ya hayo lilikuwa kweli. Kisha Luoga akamwambia jambo lililobaki: kwamba msemaji anayejua amewekwa pamoja na wengine hutumia nguvu zake zote kulinda mipaka, na mfumo hupasuka. Ilibidi wasijue. Yeye alikuwa na nakala za wasemaji za mwanzoni mwa mwezi, kabla hawajaulizwa kitu. Akifuma kutoka hizo, hakuna atakayekumbuka kwamba aliulizwa. Wala aliyekubali, wala aliyekataa.

Editruda alisema sawa. Alilisema akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, kama mtu anayejibu jambo dogo kabla ya kwenda zake.

*

Chumba cha kati ndicho kilichobaki na umeme. Vile viwili vya kando vilipoa kwa siku chache, kuta zikaanza kutoa unyevu, na wafanyakazi wakatoa viti wakafunga milango.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri mno. Ukisalimia kwa Kisegwa, Lukaya alijibu kwa kicheko chake. Ukisalimia kwa Kitanyo, Yosia alijibu kwa upole. Kwa Kilumwe alijibu Bibi Nasuka, kwa sauti ileile kavu. Luoga alitembea kifua mbele. Kitwana alipiga simu kupongeza. Alisema wakubwa wamefurahi, na kwamba hifadhi nyingine zitaletewa mfano wa Njombe. Editruda alisikia furaha ya kweli katika sauti yake. Alikuwa mtu aliyezoea kufunga vitu, na safari hii alikuwa ameokoa.

Wiki ya pili Editruda alipita mbele ya chumba cha kati, hakukuwa na mgeni ndani, akasikia sauti. Alisimama. Wasemaji hawakuwa na tabia ya kuongea peke yao.

"Nani yumo humu?" Bibi Nasuka aliuliza.

Kisha Mwalimu Yosia, kwa Kitanyo, akauliza swali lilelile. Kisha Mzee Lukaya, kwa Kisegwa, bila kucheka. Hawakuwa wakijibizana, kwa sababu hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake. Kila mmoja aliuliza kama mtu aliyeamka nyumbani kwake akasikia sahani inagongwa jikoni. Halafu wakaanza upya, kwa zamu, kwa sauti za chini.

Editruda aliingia. Wakanyamaza wote. Alimsalimia Bibi Nasuka, na bibi akamwuliza waziwazi: nani mwingine yuko hapa? Editruda akajibu kwamba hakuna mtu, ni mashine imefanyiwa matengenezo, itazoeleka. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa msemaji tangu aajiriwe, na aliusema kwa Kilumwe fasaha.

"Inacheka," Bibi Nasuka alisema. "Ninataka kukasirika, inacheka."

Siku zilivyokwenda, mambo madogo yakaongezeka. Mwalimu wa Lumwe alipiga simu kwa furaha kueleza kwamba bibi siku hizi amekuwa mpole, hakaripii. Watoto walikuwa wamemwuliza jina la setilaiti, akawapa jina zuri ajabu, nyuki wa juu. Editruda aliposikia hivyo alikaa chini. Walumwe hawakufuga nyuki. Katika maongezi yote ya Bibi Nasuka nyuki alitajwa mara moja tu, kama balaa lililoua punda. Neno lilikuwa la Kilumwe, lakini mtu aliyelifikiri alikuwa Lukaya.

Hakumwambia mwalimu. Angeanzia wapi? Watoto walikuwa wamekwisha kuliandika ubaoni.

*

Fausta alikuja siku ya Jumamosi, amefunga karakana yake mapema. Aliingia chumba cha kati, na Editruda akabaki ofisini kama kawaida. Kipaza sauti cha ofisini kilikuwa wazi, kwa sababu ilikuwa kazi yake kusikiliza mazungumzo ya wasemaji.

Waliongea habari za mvua isiyokuja. Kisha sauti ya Bibi Nasuka ikabadilika. Ikawa nzito, ikawa kama inatembea gizani ikipapasa ukuta.

"Mwanangu," ilisema. "Nilikufungia mlango. Mvua ilikuwa inanyesha nami nilikusikia nje, sikufungua. Nisamehe."

Fausta alikuwa akilia. Alipotoka, uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka kuugua, na alimshika Editruda mikono yote miwili. Alisema mama yake katika uhai wake wote hakuwahi kumwita mwanangu. Habari ya mlango na mvua hakuielewa, maana yeye aliondoka mchana wa jua kwa lori, lakini alisema wazee husema kwa mafumbo.

Editruda aliujua mlango ule. Ulikuwa mlango wa Mwalimu Yosia. Binti yake alirudi nyumbani na mimba usiku wa mvua, na katekista hakumfungulia kwa kuogopa watu wa kanisa. Msichana alikufa na mtoto wake tumboni katika kijiji cha pili. Yosia aliwasimulia watu wa Hifadhi habari hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila mara alisimulia kama mtu anayeomba adhabu. Sasa majuto yake yalikuwa yamepenya chini, kule ambako wote watatu walikuwa wamefumwa pamoja, yakatokea upande wa pili kwa Kilumwe.

Editruda alimtengenezea Fausta chai, hakumwambia.

Fausta akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Kila mara aliombwa msamaha, kila mara alitoka amelia na kupumzika. Watu wa Makambako, alisema, walikuwa wakimwuliza kama amepata mchumba. Jumamosi ya mwisho alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alisema atakwenda Lumwe kulifyeka kaburi la mama yake. Tangu msiba alikuwa hajalikanyaga, na alikuwa ameapa kutolikanyaga. Angelala hapohapo kijijini, amwombe naye msamaha kwa kumchukia.

Hapo Editruda akashindwa kuvumilia. Alimwomba Fausta amfuate hadi chumba kimoja cha kando, kile kilichokuwa cha Yosia, akafunga mlango. Humo mlikuwa na baridi na harufu ya chokaa mbichi. Alimweleza habari ya mlango, na ya binti wa katekista, na jinsi Yosia, Lukaya mwenye kicheko na Bibi Nasuka walivyofumwa. Alieleza pia kwamba wenyewe hawajui.

"Umelijua hili tangu lini?" Fausta aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mama yangu yuko wapi?"

"Yumo. Akiwa peke yake huuliza nani mwingine yumo humo."

"Mmemjibu?"

Editruda akatikisa kichwa. Fausta akafungua mlango, akavuka ukumbi, akaingia chumba cha kati. Editruda alimfuata. Alikumbuka onyo la Luoga kuhusu mfumo kupasuka, lakini hakumzuia.

Fausta hakuketi. Alianza kusema kwa Kilumwe chake cha mtoto, chenye sentensi fupi na makosa. Alisema: mama, mnakaa watu watatu humo. Mmoja anaitwa Lukaya, anarina asali, ndiye anayecheka. Mmoja anaitwa Yosia, ni mwalimu wa dini, binti yake alikufa. Na wewe. Wamewaweka pamoja kwa sababu umeme hautoshi. Hawakuwaambia.

Akamgeukia Editruda, akamwambia awaeleze na wale wawili. Editruda akasimama mbele ya kipaza sauti, akasema kwa Kisegwa, kisha kwa Kitanyo, akiwataja wote watatu kwa majina na kazi zao.

Mashine zilinguruma. Joto la chumba likapanda hadi wote wawili wakatoka jasho. Hakuna kilichopasuka. Kimya kilikuwa kirefu, na kilikuwa kimya cha watu wengi.

"Huyo mwenye mlango," Bibi Nasuka alisema mwishowe. "Ni Yosia?"

"Ndiye," Fausta alisema.

"Nilidhani ni mimi. Nimekuwa nikiutafuta mlango huo kila siku. Nilikuwa najiuliza nimemfungia nani." Akafyonya, na hata Editruda alitambua kwamba hapo ni yeye mwenyewe. "Wewe sikukufungia mlango. Nilikupandisha lori kwa kuwa kulikuwa na njaa, na mdogo wako alikuwa amekwisha kufa. Ungebaki ungekufa. Sijutii."

"Ungekuja kunichukua njaa ilipokwisha."

"Ningekuja," Bibi Nasuka alisema. "Sikuja."

Fausta alingoja. Hakukuwa na zaidi. Akavuta kiti, akaketi, akajifuta uso kwa kiganja kilichokuwa na weusi wa betri.

Editruda alijua kwamba limebaki moja. Alisogea, akamweleza Bibi Nasuka kwamba kabla ya haya yote aliulizwa, kama sheria inavyotaka, na alijibu, na yeye Editruda hakulifuata jibu lake. Alimweleza kwamba alifumwa kutoka nakala ya kabla ya siku ile, ili asikumbuke.

"Nilijibu nini?"

"Ulisema tukuzime wewe."

"Naam," Bibi Nasuka alisema. "Ndivyo nisemavyo."

*

Luoga alisema hawezi kumtoa mmoja akawaacha wengine wakiwa kamili, kwa kuwa uzi hauna alama ya mwenyewe. Aliloweza ni kufunga Kilumwe. Lugha ikifungwa, aliyeisema angezimika pamoja nayo. Yale yaliyofumwa chini yangebaki, bila jina. Wale wawili wakaulizwa, safari hii bila kufichwa kitu. Mzee Lukaya alisema yeye anabaki, bado hajachoka. Mwalimu Yosia alisema atabaki kama Lukaya anabaki.

Fausta hakuombwa kutia sahihi, lakini Editruda alimwuliza. Alijibu kwamba mama amekwisha kusema, na yeye safari hii atakuwepo.

Bibi Nasuka aliomba kitu kimoja, afundishe Jumatano ile peke yake. Editruda akawaomba Lukaya na Yosia wanyamaze, nao wakakubali. Mwalimu wa Lumwe alipopiga simu, watoto wakasalimia kwa pamoja kama walivyozoea, wakimngoja bibi mpole wa siku hizi. Wakamkuta mwingine. Aliwaambia wafute nyuki wa juu ubaoni. Kisha akawafundisha kukataa. Kilumwe kina namna nyingi za kukataa: kuna kukataa chakula bila kumvunja moyo mpishi, kuna kumkataa mchumba, kuna kukataa amri ya mkubwa huku umeinamisha kichwa, na kuna kukataa kunakofunga mazungumzo, ambako mtu hukusema mara chache maishani mwake. Aliwasemesha kila namna, mmoja mmoja. Aliyesema kwa woga alimrudisha mwanzo. Mtoto mmoja alianza kulia, akaambiwa alie baadaye.

Fausta alikuwa pale kwenye kiti, naye akasemeshwa kama wao.

Simu ilipokatwa, Editruda alimwuliza Bibi Nasuka kama yuko tayari. Alisema joto limezidi humo ndani. Luoga alifanya kazi yake kimyakimya, na haikuchukua muda. Editruda akasalimia kwa Kilumwe. Hakuna aliyejibu. Akasalimia tena, na Fausta akamshika bega asiendelee.

Kwa siku kadhaa Lukaya na Yosia hawakusema kitu. Kisha Yosia akauliza, kwa Kitanyo, yule mama amekwenda wapi, kwa maana upande wake kumekuwa na upepo. Editruda akamwambia kweli. Lukaya naye alibadilika. Aliendelea kucheka, lakini katikati ya kicheko alikuwa akikatika ghafla, akafyonya, kisha akanyamaza kama aliyejishtua mwenyewe.

Editruda aliiarifu Wizara kila kitu, pamoja na uongo wake. Alitarajia kuitwa Dodoma. Badala yake Kitwana alipiga simu. Hakugomba. Aliuliza kuhusu Bibi Nasuka kwa heshima, kama mtu anayetoa pole, kisha akasema kwa unyonge kwamba wakubwa wameona Hifadhi sasa ina lugha mbili, hivyo mgao wa umeme utapunguzwa ulingane na mbili. Alisema alijaribu kuwaeleza, lakini hawakuuliza kulitokea nini. Waliuliza zimebaki ngapi. Hifadhi nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kuanza kufumwa. Editruda akamwuliza kama wasemaji wa huko wameulizwa. Kitwana alisema ndiyo, wameulizwa. Hakusema walijibu nini.

Jumatano iliyofuata Fausta alikuja bila kuitwa. Editruda alimkuta chumba cha kati, ameketi akiitazama simu. Alisema hakuna aliyewaambia watoto, na mwalimu atapiga, na si vizuri wakute kimya.

Simu ililia. Fausta akaipokea, akawaeleza kwa Kilumwe chake kibovu kwamba bibi hayupo tena, ameondoka kwa kutaka mwenyewe, na kwamba yeye ni binti yake, anajua kidogo tu. Upande wa pili kukawa na minong'ono. Kisha mtoto mmoja akauliza, kwa adabu, jina la ile gundi nyeusi ambayo mafundi huzibia bomba la maji.

Fausta alifikiri. Alisema hajui, hakuwahi kulisikia kwa mama yake.

Mtoto akapendekeza jina. Mwingine akapendekeza jingine. Sauti zikapanda, zikaingiliana, Kilumwe cha haraka chenye makosa ambayo hakuna mtu aliyebaki duniani wa kuyasahihisha. Editruda alishindwa kuwafuata. Ndipo msichana mmoja akakataa. Alikataa jina lililotolewa na mwenzake kwa neno moja, kavu, lenye kituo kirefu cha kunyamaza kabla yake, na darasa zima likanyamaza.

Fausta aliondoa mkono wake kwenye simu kama aliyeungua. Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, ya mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Lakini kile kituo alikijua. Alikuwa amekisikia akiwa juu ya magunia ya mahindi, amenyoosha mikono akitaka kushuka, mama akamkatalia.

Msichana akauliza kama bado yupo. Fausta akasogea karibu, akajibu kwamba yupo.